Sura ya Saba: Kabla Lori Halijafika Zombe

Abdiwahid hakubisha hodi. Hilo peke yake lilitosha kunitia hofu, kwa sababu kijana huyu hubisha hodi hata mlango ukiwa wazi na mimi nimemwona tangu akivuka barabara. Asubuhi hiyo aliingia moja kwa moja mpaka katikati ya chumba cha mashine, kofia mkononi, akatazama feni, akatazama betri, akatazama nyaya ukutani. Alitazama kila kitu isipokuwa mimi.

"Kanyiva, nimeharibu," akasema.

"Umeharibu nini?"

"Kila kitu."

"Hiyo ni mingi. Anza na moja."

Msinione mkali. Mimi nikiogopa, ulimi wangu hutangulia mbele kama mbwa wa nyumbani, unabweka kabla haujajua ni nani amekuja.

"Adeer yuko njiani," akasema. "Wametoka upande wa Tana alfajiri na ng'ombe. Saa hii wako huko porini, network hakuna. Lakini wakifika Zombe, simu yake itashika."

"Na ikishika?"

Aliketi kwenye kreti ya soda ninayowawekea wateja, akaufunika uso wake kwa kofia. Nilimtazama shingo, ile shingo ndefu ambayo nimeitazama kwa wizi siku nyingi nikijifanya naangalia skrini, nikaona mishipa yake inapiga.

Chumba chetu kiko nyuma ya duka la mbao hapa Mutomo. Mimi na kaka yangu Muindi tulikipa jina Ikumbi, yaani ghala la mahindi kwa Kikamba. Ukimwambia mtu wa huku kwamba utamwekea mahindi yake salama, anakuelewa. Ukimwambia utamwekea faili zake kwenye cloud, anaangalia juu. Mama yangu alipoelezwa kwamba neno hilo maana yake ni wingu, alisema Mutomo tuna mawingu ya kutosha yasiyonyesha, hakuna haja ya watoto wake kuongeza mengine. Muindi yuko katika mji wa Salama, kule kwenye barabara kuu, akilinda mashine ya pili inayobeba nakala ya kila kitu kilicho kwangu. Shule zinatuwekea matokeo ya mitihani, makanisa yanatuwekea picha za harusi na majina ya washirika, na wachuuzi wa mifugo wanatuwekea sauti.

Sauti ndizo zilizotuinua. Mzee Yarow, ambaye Abdiwahid humwita adeer kwa kuwa ni ndugu ya baba yake, na ndiye aliyemlea baada ya baba kufariki, hapendi kuandika. Biashara yake yote ya ng'ombe na mbuzi inaendeshwa kwa mdomo. Kila kijana wa familia ana simu yenye kitufe cha Ikumbi. Anakibonyeza, anasema mbuzi wameingia wangapi, maji yanapatikana wapi, nani amekubali bei na nani anazungusha, na sauti inakwenda kwenye folda moja ya familia. Mzee akitoka porini na kupata mtandao, simu yake inazivuta zote. Anazisikiliza kwa mpangilio na haruki hata moja. Wala hazisikilizi peke yake. Anaunganisha simu na spika za lori, dereva anasikia, wapakizi wanasikia, na mtu akikosea hesabu wanacheka wote. Kwake hiyo ndiyo redio.

"Nilitaka kukutumia wewe," Abdiwahid akasema ndani ya kofia. "Jana jioni. Nilikuwa kwa boma, mawazo mingi. Nikachukua simu nikaongea. Sasa mkono umezoea, Kanyiva. Kila siku ni mbuzi, mbuzi, mbuzi. Mkono ukaenda kwa kitufe ya Ikumbi."

"Ukaongea nini?"

"Mambo yetu."

Mambo yetu hayakuwa yametamkwa na mtu yeyote, hata sisi wenyewe. Yalikuwa ya macho tu. Alikuwa akija kwa sababu simu imekataa kufunguka, kesho yake kwa sababu simu imefunguka vizuri mno, akinywa chai yangu ya rangi huku akisema haraka anayo. Mimi binti wa mwimbaji wa kwaya, yeye kijana wa msikitini. Tulijua sote kwamba neno moja tu likitoka, kutakuwa na vita nyumba mbili. Kwa hiyo tulinyamaza, na tulikuwa tumenyamaza vizuri sana.

"Itoe basi," nikasema. "Si uko na simu?"

"Haitoki. Unajua haitoki. Ni yeye pekee anaweza toa."

Nilijua. Mimi mwenyewe ndiye niliyeipanga hivyo. Wakati mmoja binamu yake, Mowlid, alitaja bei isiyo sawa kwenye sauti yake, alipoulizwa akaifuta na kukana kwamba aliwahi kuitaja. Mzee alikuja hapa akiwa amewaka. Akasema kuanzia leo, kijana akisema amesema, na wa kufuta ni mimi Yarow peke yangu. Nikampangia hivyo. Alipokuwa akitoka akageuka mlangoni akaniuliza, "Na wewe mwenye mashine, unaweza kufuta?" Nikamwambia naweza, lakini sifuti kitu cha mteja, wala sikifungui. Akataka niape. Nikamwambia kwetu hatuapi, ndiyo yangu ni ndiyo. Mzee alinitazama sana, kisha akacheka, na ndani ya mwezi huo akaniletea karibu wachuuzi wote wa Mutomo.

Sasa Abdiwahid aliinua uso. Hatimaye akanitazama, na heri asingenitazama.

"Wewe unaweza toa," akasema.

"Usiniambie hiyo."

"Sikiliza kwanza. Sikiliza ndio ujue."

Akabonyeza simu yake kabla sijamkataza, na sauti yake ikajaa chumbani, sauti ya jana, tulivu, mbuzi wakilia nyuma yake.

"Kanyiva. Ni mimi. Nimekaa hapa na hawa mbuzi, na nimechoka kujificha kama mwizi. Adeer anataka nioe Filsan, binti ya rafiki yake wa Garissa. Filsan ni msichana mzuri, sina neno na yeye. Lakini mimi nikifunga macho naona wewe, na hiyo feni yako mbovu, na vile unacheka ukiwa umekasirika. Nataka kukuoa wewe. Adeer akikataa, nitampa funguo ya lori yake, nitampa simu yake, nitoke na nguo nimevaa. Simwogopi tena. Umesikia? Simwogopi."

Mbuzi mmoja akalia, kisha kimya.

Sijui kama umewahi kufurahi na kuogopa kwa pumzi moja. Vitu hivyo viwili haviketi pamoja, vinasukumana. Moyo wangu uliruka kama wa msichana wa shule, na hapo hapo ukaanguka. Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo siku zote. Nilikuwa nimeyatunga mwenyewe kichwani, nikamvisha suti, nikampa maua, na sasa yalikuwa yamekuja na mlio wa mbuzi na yalikuwa matamu kuliko yote niliyotunga. Na aliyeyasema alikuwa mbele yangu, midomo imemkauka.

"Sasa toa," akasema.

"Abdiwahid."

"Toa, tafadhali. Wakifika Zombe imeisha."

"Ndio mara ya kwanza unaniambia."

"Nitakuambia tena! Nitakuambia kila siku, walahi. Lakini si hivi. Si kwa spika ya lori, na Ndululu anasikia, na wapakizi wanasikia. Yeye ni mzee. Nimesema nitamtupia funguo mbele ya watu wake wote. Unajua hiyo ni nini kwetu? Huyo mtu amenilea. Amenivalisha viatu. Atanirudisha Garissa leo leo, na wewe hutaniona tena."

Ndululu ni dereva wa mzee Yarow, lakini Jumapili ni mtu wa kwetu, anaimba besi katika kwaya ya mama yangu. Mama huwapenda watu wa kina Yarow. Husema ni wanunuzi wazuri, wanalipa bila maneno, na hapo hapo huongeza kwamba kununua ni kununua na kuoana ni kuoana. Mama wa kanisa, mjane, aliyenisomesha kwa kuuza pojo na kuku. Kama sauti ile itasikika kwenye lori, haitafika adhuhuri kabla haijamfikia, tena itamfikia ikiwa imenona.

"Unafikiri mimi siogopi?" nikamwambia. "Huyo Ndululu wako ataanza kupigia nani simu?"

"Basi si unaona! Hata wewe unataka itoke."

"Nataka," nikasema. "Nataka mpaka vidole vinaniuma."

Na ni kweli. Sitajifanya mtakatifu hapa. Nilivuta kiti, nikaingia kwenye ukurasa wa wasimamizi, ule ambao huwa naufungua tu wakati mashine imekwama. Folda ya mzee Yarow ilifunguka mbele yetu. Zilikuwapo sauti nne mpya zikimngoja, tatu za Mowlid na ya mwisho ya Abdiwahid, kila moja na alama yake ya kijivu kando. Sauti ikisikilizwa mpaka mwisho, alama hugeuka kijani. Juu ya ukurasa, jina la simu ya mzee lilikuwa jeusi, maana yake bado yuko nje ya mtandao.

Nikaichagua ile ya nne. Ukurasa ukaniuliza kama nina hakika.

"Bonyeza," Abdiwahid akanong'ona. Alikuwa amesimama nyuma yangu, karibu kiasi cha kuisikia pumzi yake nyweleni. Siku nyingine yoyote ukaribu huo ungenimaliza. Leo ulinitisha tu.

"Nikibonyeza, hata nakala ya Salama inatoka," nikasema. "Inatoka kabisa. Hata Muindi hawezi irudisha."

"Ndio nataka."

"Na kesho mtu mwingine akija? Mowlid akija na shida yake? Mwalimu mkuu akija anataka nitoe alama ya mtoto wake? Nitamwambia nini?"

"Huyo si mimi. Mimi ni mimi, Kanyiva."

"Ndio hiyo. Wewe ni wewe. Nikitoa kwa sababu nakupenda, basi kila kitu iko hapa iko salama mpaka siku nitapenda mtu."

Nilikuwa nimesema nakupenda. Lilitoka katikati ya ugomvi, bila kujiandaa, na wala hakulisikia. Macho yake yalikuwa kwenye jina la simu ya mzee.

"Unapenda hizi mashine kuliko mimi," akasema.

"Usiniletee hiyo."

"Ni kweli. Hizi hazina adeer. Hazina mama. Hakuna mtu anakulazimisha uwache moja uchukue ingine."

"Hakuna mtu aliniuliza kama nakuchukua! Umeuliza mbuzi!"

Angecheka siku nyingine. Nikageuza kiti nikamkabili.

"Niambie ukweli," nikasema. "Unataka nitoe sauti, ama unataka nitoe yale umesema?"

"Ni kitu moja."

"Si kitu moja. Sauti ikitoka, bado unataka kunioa?"

Nilimwona akitafuta jibu usoni mwangu, kana kwamba nimelificha mimi.

"Saa hii sijui," akasema. "Saa hii naogopa tu."

"Jana ulijua."

"Jana nilikuwa peke yangu."

Hilo liliniuma kuliko kama angenipiga kofi. Si kwamba alikuwa mwongo. Mwongo angeniambia ndiyo, nikabonyeza, tukamaliza. Aliniuma kwa kuwa alisema kweli, na nilimpenda zaidi na kumwogopa zaidi. Niliona mbele yangu miaka ya mwanamume huyu akinipenda bomani jioni, peke yake, mahali pasipo na mtu wa kumsikia, na asubuhi akija kuniomba nifute.

Hapo jina la simu ya mzee likageuka buluu.

"Amefika," nikasema.

Abdiwahid aliinama juu ya bega langu. Tuliona mstari ukijaa, sauti zote nne zikishuka kwenye simu ya mzee Yarow huko Zombe. Najua anavyofanya, Abdiwahid ameniigizia mara nyingi. Anamwambia Ndululu apunguze mwendo. Anachomeka waya. Anafumba macho na kuegemea.

"Bado unaweza," Abdiwahid akasema. "Bado hajasikia. Ukitoa hapa inatoka na kwake, si ndio?"

"Ndio."

"Toa."

Alama ya kwanza ikawa kijani. Ilikuwa ya Mowlid, ripoti ya chanjo, nadhani, kwa maana ilikuwa fupi.

"Kanyiva, naomba. Nakuomba kama mtu anaomba maji."

Niliweka kidole juu ya kitufe. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. Ilikuwa mara ya kwanza kunishika. Nilikuwa nimewahi kuwaza itakuwaje akinishika mkono, na katika mawazo yangu yote mkono wake ulikuwa na joto. Sasa ulikuwa baridi.

Alama ya pili ikawa kijani.

Hakubonyeza. Nilingoja abonyeze, ili baadaye niseme si mimi. Naye, naamini, alikuwa akingoja mimi. Tulikaa hivyo, watu wawili wazima wenye vitambulisho, kila mmoja akitamani mwenzake awe mwovu kidogo.

Ya tatu ilikuwa ndefu. Mowlid ana maneno mengi. Feni ilikuwa inapiga kelele na kupitia dirishani nilisikia msumeno wa duka la mbao ukikata, ukinyamaza, ukikata. Nikamfikiria mama akifunga kuku wake miguu sokoni, hajui lolote. Nikamfikiria mzee Yarow pale mlangoni, akiondoka bila kiapo, ameridhika na neno langu tu. Nikamwonea huruma kila mtu, na zaidi nilijionea huruma mimi.

Nikautoa mkono wangu. Nikafunga ukurasa.

"Kanyiva!"

"Siwezi."

"Umenimaliza!"

"Najua."

"Umenimaliza, na unasema unajua!" Alirudi nyuma mpaka akagonga kreti, chupa tupu zikalia. "Na ulisema unataka itoke! Nilifikiri wewe ni mtu wangu. Nilifikiri kama kuna mtu mmoja Mutomo hii yote atanificha, ni wewe."

"Mimi sitaki mume wa kuficha!"

Alivaa kofia yake. Akaenda mlangoni, mkono kwenye komeo, na mgongo wake ulisema kwamba akitoka hatarudi. Nilitaka kumkimbilia. Nilitaka kumwambia rudi, nimekosea, nafungua tena. Machozi yalikuwa yameanza, lakini macho yangu hayakuondoka kwenye skrini. Folda ya kawaida, ile anayoiona mteja, ilikuwa bado wazi.

Alama ya tatu ikawa kijani.

"Ni yako sasa," nikasema. "Anaisikia sasa hivi."

Mkono wake uliganda kwenye komeo. Sikuwahi kujua sauti yake ya jana ilikuwa ndefu kiasi kile. Chumbani ilikuwa imekwisha upesi. Sasa haikuisha. Nilijikuta nikiifuata moyoni, sasa amefika kwa Filsan, sasa amefika kwa feni, sasa Ndululu amegeuka anamtazama mzee, sasa amefika kwa funguo. Abdiwahid alikuwa akitikisa midomo. Nadhani naye alikuwa akiifuata, au alikuwa akiomba.

Ikawa kijani.

Hakuna kilichotokea. Msumeno ulikata ubao mwingine. Halafu simu yake ikaita mfukoni, naye akaruka kama aliyeumwa na siafu. Akaitoa, akaitazama, akanitazama.

"Pokea," nikasema.

"Siwezi."

"Weka kwa spika. Tusikie wote."

Akapokea. Kwanza tulisikia injini ya lori ikinguruma mahali pamoja, imesimama, na ng'ombe wakigongana pembe. Hakuna aliyecheka huko nyuma.

"Abdiwahid," mzee Yarow akasema.

"Naam, adeer."

"Hii sauti ya mwisho ni yako?"

Angeweza kusema ni mzaha. Angeweza kusema Mowlid alikuwa anacheza na simu. Nilimwona akiyafikiria yote hayo, moja moja.

"Ni yangu, adeer."

"Mm." Ng'ombe mmoja akalia. "Huyo msichana wa mashine yuko hapo karibu?"

"Yuko."

"Mpe simu."

Alinipa. Nilisahau kama iko kwenye spika, nikaibandika sikioni kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nakuuliza kitu moja tu, na wewe husemi uwongo, nakujua. Huyu kijana amekuja kwako asubuhi hii akuombe uitoe hii sauti kabla sijafika?"

Hapo ndipo nilipojua hofu. Yote ya mwanzo ilikuwa mazoezi. Nikisema ndiyo, nimemvua nguo mbele ya mtu aliyemlea, na mbele ya lori zima, kwamba usiku ni simba na mchana anakimbia kujificha nyuma ya msichana. Nikisema hapana, nimemdanganya mteja wangu, na neno langu mlangoni halina maana tena. Nikamtazama Abdiwahid. Alikuwa amesikia. Uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja hukumu, na hakunipa ishara yoyote, si ya ndiyo wala ya hapana. Hilo namshukuru mpaka leo.

"Mzee," nikasema, "samahani sana. Hiyo muulize yeye mwenyewe."

Nikamrudishia simu. Ilikuwa imelowa jasho langu. Aliishika mbele ya kinywa chake, akafumba macho.

"Nilimwomba, adeer," akasema. "Nilimwomba sana. Amekataa."

"Kwa nini ulimwomba?"

"Nilikuwa nakuogopa."

"Na ndani ya sauti unasema huniogopi."

"Nilisema uwongo hapo. Hapo pekee." Alifumbua macho na kunitazama, na sasa alinitazama kweli, hakukwepa. "Hiyo ingine yote ni kweli. Bado nakuogopa, adeer. Lakini nataka kumuoa."

Injini ya lori ikazimwa. Tulisikia mlango wa lori ukifunguliwa, na hatua za mtu akitembea kwenye changarawe, akijitenga na watu wake. Tulisikia tu akipumua.

"Kaa hapo hapo," akasema mwishowe. "Usiende kokote. Nakuja." Akakata.

Abdiwahid aliteremsha simu taratibu.

"Amekasirika?" nikauliza.

"Sijui. Akikasirika hupiga kelele, hata ng'ombe wanajua. Hii ya kunyamaza sijawahi sikia." Akaketi tena kwenye kreti. "Kanyiva, atanifanya nini?"

"Sijui."

"Utakaa na mimi akifika?"

Nilifungua mdomo kumjibu na simu yangu ikaanza kuita juu ya meza. Ilizunguka kidogo kwa mtetemo, jina likiwaka, na wote wawili tulilisoma. Mama. Ndululu hakuwa amengoja hata lori liwashwe tena.

Nilipokea. Nyuma yake nilisikia soko, wanawake wakibishana, kuku.

"Kanyiva."

"Naam, mwaitu."

"Ndululu amenipigia simu kuniambia kitu." Sauti yake ilikuwa ya chini, ile anayoitumia msibani. "Ananiambia kijana wa Yarow ametangaza kwa lori kwamba anakuoa. Nimemwambia huyo kijana amelewa jua. Nimemwambia msichana wangu hawezi. Wamama wako hapa wananiangalia, Kanyiva. Niambie ni uwongo. Sema tu ni uwongo, niwaambie, tumalize."

Neno moja tu, na lingekwisha pale pale sokoni. Mama angecheka kwa sauti ili wanawake wenzake wasikie, Ndululu angeonekana mmbea, na Jumapili ningeketi benchi langu la kila siku. Abdiwahid alikuwa akinitazama kutoka kwenye kreti. Hakuniomba kitu.

"Kanyiva? Uko?"

"Niko, mwaitu."

"Ni uwongo?"

"Si uwongo."

Mama hakukata simu. Nilisikia kuku wake wakilia, na mimi nikaketi sakafuni kando ya Abdiwahid.